Kutoka Kafiri hadi Kapre: Majina ya Viumbe wa Kutisha katika Masimulizi ya Ufilipino

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna viumbe wa kutisha wa masimulizi ya Ufilipino walivyoorodheshwa, walivyoainishwa na walivyofasiriwa tangu mwaka 1589. Hoja inayojengwa ni kwamba majina ya viumbe hawa, yakichunguzwa kimofolojia na kietimolojia, yanahifadhi historia ambayo uainishaji uliofuata makundi ya ngano za Ulaya umeififisha. Uzito umewekwa kwenye jina *kapre*, lenye asili moja na neno la Kiswahili *kafiri*, na kwenye maswali ambayo asili hiyo inamwekea mfasiri wa Kiswahili.

Orodha ya mwaka 1589

Mwaka 1589 Juan de Plasencia, padri wa shirika la Wafransisko, aliandika taarifa kuhusu mila za Watagalogi wa kisiwa cha Luzon. Katika sehemu inayohusu ibada, aliorodhesha aina kumi na mbili za watu aliowaona kuwa makuhani wa shetani. Wa kwanza ni *catolonan*, aliyeongoza sadaka na kusema na roho kwa niaba ya jamii. Wanafuata waganga na warogi wa namna mbalimbali: anayedhuru kwa kujifanya anatibu, anayetenganisha wapendanao, anayetoa moto mwilini usiku, anayetengeneza dawa za mapenzi. Katikati ya orodha hiyo hiyo, bila mstari wa kuwatenga, wamo *magtatangal*, ambaye usiku hutembea bila kichwa wala matumbo na asubuhi akavirudisha mahali pake, na *osuang*, arukaye angani na kula nyama ya watu.

Wasomaji wengi wa taarifa hii wameitumia kama ushahidi wa ukale wa imani husika. Matumizi hayo ni halali, lakini yanapita juu ya jambo lililo zito zaidi, yaani mpangilio wa orodha yenyewe. Plasencia hakuwa akiandika kitabu cha mazimwi. Alikuwa akitaja kazi. Kila anayetajwa anapewa jukumu, kana kwamba ni cheo katika jamii, na kuhani wa kijiji anasimama kwenye safu moja na mla watu.

Mofolojia ya Kitagalogi inaunga mkono usomaji huu kwa namna ambayo padri mwenyewe hakuieleza. Jina linalotumika leo kwa kiumbe ajikataye kiwiliwili ni *manananggal*. Mzizi wake ni *tanggal*, wenye maana ya kubandua au kutenganisha. Kiambishi awali *mang-* kinapokutana na mzizi huo, nazali yake humeza konsonanti ya kwanza ya mzizi, *t* ikawa *n*, kisha silabi ya kwanza ya umbo jipya hurudufishwa. Kanuni hiyo hiyo ndiyo huunda *mananahi*, mshonaji, kutokana na *tahi*, na *mangingisda*, mvuvi, kutokana na *isda*, samaki. Kwa hiyo *manananggal* kimuundo ni jina la mwenye kazi, sawa na mshonaji na mvuvi. Kiswahili kingeweza kulikaribia kwa kuunda *mjibanduaji*, neno ambalo halipendezi masikioni lakini linaonyesha kinachotendeka: anayetajwa ni mtu mwenye ujuzi anaoutumia kila usiku. Masimulizi yanaafikiana na umbo hilo. Mchana *manananggal* ni mwanamke wa kawaida, mara nyingi mwenye sura nzuri. Usiku hujikata kiunoni, akaota mabawa kama ya popo, akaiacha nusu ya chini imesimama mahali palipofichika, kisha akatua juu ya paa la nyumba yenye mjamzito na kuteremsha ulimi mrefu mwembamba kupitia makuti. Anayetaka kumwangamiza hutafuta ile nusu iliyoachwa, akaipaka chumvi, majivu au vitunguu saumu ili isiungane tena.

Hapa ndipo Herminia Meñez, katika *Explorations in Philippine Folklore* (1996), alipojenga hoja kwamba kiumbe huyu hatenganishiki na vita vya wamisionari dhidi ya makuhani wa kike, *catolonan* wa Watagalogi na *babaylan* wa Wabisaya. Mwanamke aliyesimamia uzazi na uponyaji aligeuzwa kuwa mwanamke anayefyonza mimba. Hoja hiyo ina nguvu, na orodha ya Plasencia inaithibitisha kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, haiwezi kubeba mzigo wote iliotwikwa. Kimalei kinaye *penanggalan*, jina lenye mzizi ule ule *tanggal*, naye ni mwanamke ambaye kichwa chake huruka usiku kikiburuta matumbo. Thailand anaye *krasue*, Bali wapo *leyak*. Huko kote Wahispania hawakutawala. Kiumbe na uke wake, kwa hiyo, ni mali ya eneo pana la Kusini-Mashariki mwa Asia, na ni wakongwe kuliko misheni. Kilichofanywa na misheni ni kumweka kuhani na mla mimba ndani ya jina moja la jumla, na kuifanya tofauti iliyokuwapo kati yao isisemeke tena.

Mama aliyepotea

Mfano mwingine unastahili kutajwa, ingawa hauhitaji kurefushwa. Katika taarifa ile ile mna neno *patianac*, linalohusu mwanamke aliyefariki wakati wa kujifungua. Usiku, ilisemwa, kilio chake husikika. Leo Wafilipino wanamjua *tiyanak*, kiumbe mwenye umbo la mtoto mchanga anayelia porini. Anayemwokota huona kitoto kikigeuka na kumrarua. Kilio kimebaki, mhusika amebadilika. Kimalei kwa upande wake kimemhifadhi mama katika *pontianak*. Katika Ufilipino msiba wa mama umeondolewa kwenye simulizi na hatia imehamishiwa kwa mtoto, ambaye wasimulizi wengi humweleza kuwa alikufa kabla ya kubatizwa. Sharti la ubatizo halingeweza kuwapo kabla ya kuja kwa Ukristo. Msomaji akiulizwa ni wapi katekisimu iligusa ngano kwa vidole vyake, mahali pa kuonyesha ni hapa, kuliko kwa *manananggal*.

Makundi ya Ramos

Utafiti wa kisasa kuhusu viumbe hawa unamtegemea Maximo Ramos, ambaye mwaka 1971 alichapisha *Creatures of Philippine Lower Mythology*. Bila juhudi zake masimulizi mengi yangekufa na wasimulizi wake. Lakini mkusanyaji mzuri si lazima awe mwainishaji mzuri. Ramos aliyachukua makundi yaliyozoeleka katika taaluma ya ngano za Ulaya, yaani majitu, mbilikimo, wafyonza damu, wachawi, watu-wanyama na mengineyo, akawagawa humo viumbe wa visiwa zaidi ya elfu saba. *Aswang* ndiye aliyemtatiza zaidi. Alilazimika kumgawa mara tano: mfyonza damu, mfyonza matumbo, mtu ajigeuzaye mbwa, mchawi na mla maiti. Kiumbe anayehitaji visanduku vitano ni ushahidi kwamba visanduku vyenyewe havikutengenezwa kwa ajili yake.

Ramos aliliona tatizo na akaliita mchanganyiko wa dhana. Jina hilo linadokeza kwamba dhana tano zilikuwapo kwanza, kisha zikachanganyika. Hakuna ushahidi wa hatua hiyo ya kwanza. Kwa wasimulizi wa Panay na Bikol, *aswang* ni mmoja: ni jirani. Umbo analolivaa usiku ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba mchana anauza sokoni, anahudhuria misa na ana jina lake kama wengine. Sauti ya ndege anayeambatana naye, *tiktik* au *wakwak*, husikika kwa nguvu akiwa mbali na kufifia kadiri anavyokaribia, kinyume cha sauti zote za dunia. Masimulizi hayawezi kueleza hofu ya ujirani kwa ufupi zaidi ya hapo. Wasemaji wa Kiswahili wanaosema *zimwi likujualo halikuli likakwisha* wanalielewa wazo la ukaribu, ila zimwi la ngano za Kiswahili kwa kawaida hukaa msituni, nalo hujulikana kuwa ni zimwi. Raul Pertierra, katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu *asuang* na mahusiano ya wanawake, alikuwa karibu na kiini hiki kuliko Ramos, kwa sababu aliuliza nani humtuhumu nani badala ya kuuliza kiumbe ana umbo gani.

Kwamba swali hilo si la kitaaluma tu kunathibitishwa na tukio ambalo wahakiki wa ngano hulitaja kwa haraka mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Edward Lansdale, afisa wa Marekani aliyeisaidia serikali ya Ufilipino kupigana na wapiganaji wa Huk, aliamuru uvumi wa *aswang* usambazwe karibu na kilima walichokishikilia. Kwa maelezo yake mwenyewe katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1972, kikosi kilivizia doria, kikamnyakua mtu wa mwisho bila kelele, kikamtoboa shingo matundu mawili, kikamning'iniza hadi damu ikamwishia na kuirudisha maiti njiani. Wenzake walipoiona, walihama kilima. Matundu mawili ya shingoni ni alama ya mfyonza damu wa Ulaya, yule wa riwaya na filamu. *Aswang* wa Kibisaya huteremsha ulimi na hutafuta ini au mimba. Lansdale alitumia kisanduku cha Ulaya kuua mtu wa Luzon. Hata hapo uainishaji ulikuwa umefanya kazi yake.

Kapre

Jina linalomgusa msomaji wa Kiswahili moja kwa moja ni *kapre*. Huyu ni jitu jeusi, lenye nywele mwili mzima, likaalo juu ya *balete*, mti wa jamii ya mikuyu, likivuta sigara kubwa isiyozimika. Mara chache humdhuru mtu. Hupoteza njia za wasafiri, hucheka, na huweza kumpenda mwanamke na kumfuata maisha yake yote.

Kwamba jina hili limetokana na *cafre* la Kihispania na Kireno, nalo kutokana na *kāfir* la Kiarabu, ni jambo linalokubalika. Lisilotiliwa maanani ni njia lililopitia. Uislamu ulifika kusini mwa Ufilipino kabla ya Wahispania, na mtu angeweza kudhani kwamba neno liliingia kupitia Kimalei. Fonolojia inakataa. Kitagalogi hakikuwa na kikwamizo *f*, hivyo *f* ya kigeni huwa *p* kwa njia yoyote: *café* imekuwa *kape*, *fiesta* imekuwa *piyesta*. Lakini *kafir* la Kimalei lingetoa *kapir*, umbo linalopatikana katika baadhi ya lugha za Indonesia. Irabu *e* ya mwisho na mfuatano *pr* haviwezi kuelezwa isipokuwa kwa *cafre*. Neno, basi, lilikuja kwa merikebu za Wareno na Wahispania. Kiswahili kwa upande wake kilipokea *kāfir* moja kwa moja kutoka Kiarabu, kikahifadhi *f* na kuongeza *i* ili silabi ibaki wazi. *Kapre* na *kafiri* ni ndugu waliotengana njiani.

Njia hiyo ilianzia wapi? Wareno walilikuta neno likitumika na Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa watu wa bara wasiokuwa Waislamu, wakaligeuza kuwa jina la watu weusi. Katika *Ethiopia Oriental* (1609), João dos Santos, padri wa Kidominiko aliyeishi Sofala, huwaita wenyeji wa bara la Msumbiji kwa jina hilo ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka huo huo wa 1609 Antonio de Morga alichapisha Mexico kitabu chake kuhusu Ufilipino, ambamo watumwa, wakiwemo weusi, wanatajwa kati ya bidhaa zilizoletwa Manila na meli za Wareno kutoka Malaka na India. Kati ya 1580 na 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na biashara kati ya Goa, Malaka, Macau na Manila ilikuwa na milango mingi. Watu walionunuliwa au kutekwa katika bara la Msumbiji waliishia kuwa walinzi, wabeba mizigo na watumishi wa Manila. Baadhi yao walivushwa tena hadi Acapulco. Walikofika hawakuitwa kwa majina ya makabila yao. Waliitwa *cafres*.

Upo upinzani wa kuzingatiwa. Ufilipino wenyewe una watu weusi wa asili, Waaeta, Waati na Waagta, waliokaa misituni kabla ya mtu yeyote kuletwa kutoka Afrika. Tena Wabisaya humwita jitu hilo hilo *agta*. Je, *kapre* si jina jipya tu la kiumbe aliyekuwapo? Huenda ndivyo, na hoja ya makala haya haihitaji vinginevyo. Kiumbe mweusi wa msituni angeweza kuwapo tangu zamani. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini Watagalogi walimpa jina la mtumwa wa Manila. Sigara nayo ni shahidi. Tumbaku ilitoka Amerika ikaletwa na Wahispania, na kuanzia miaka ya 1780 hadi 1882 ilikuwa ukiritimba wa serikali ya kikoloni: mkulima alilazimishwa kuilima na kukatazwa kuitumia kwa hiari yake. Kiumbe aliye juu ya mti, asiyefanya kazi, anayevuta sigara ambayo mkulima haruhusiwi kujisokotea, anaweza kusomwa kama ndoto ya mtoro. Usomaji huo hauthibitiki kwa hati, lakini unaeleza kitu ambacho maelezo ya jitu la kutisha hayakielezi, yaani utulivu wa *kapre*. Yeye hali watu. Amepumzika.

Maana ya weusi wake huonekana zaidi anapowekwa kando ya *engkanto*. Hawa, ambao jina lao limetokana na *encanto* la Kihispania, pia hukaa kwenye miti mikubwa na pia huwapenda wanadamu. Lakini wao huelezwa kuwa weupe, warefu, wenye pua zilizochongoka na nywele za rangi ya dhahabu; mti wao kwa ndani ni jumba la kifahari, na anayekaribishwa humo akila wali mweusi harudi tena kwa watu wake. Miti ni ile ile, mapenzi ni yale yale. Mmoja ana jumba, mwingine ana tawi. Ramos alivitenga viumbe hivi viwili katika makundi tofauti kwa kigezo cha umbo, na kwa kufanya hivyo akakata uzi uliowaunganisha. Vikisomwa pamoja, vinaonyesha ngazi ya rangi ya jamii ya kikoloni ikiwa imepandishwa mtini.

Mhakiki wa Kiswahili hana nafasi ya kulitazama jambo hili kama kosa la Wahispania pekee. Sheria ya Kiislamu haikuruhusu Mwislamu huru kutiwa utumwani. Kwa hiyo katika pwani kumwita mtu wa bara *kafiri* au *mshenzi* hakukuwa tusi tu. Kulimweka upande wa wanaoweza kuuzwa. Neno lililogeuka zimwi katika Luzon lilianza safari yake likiwa limeshabeba hukumu hiyo, nalo lilitoka katika vinywa vya watu wa pwani hii kabla halijaingia katika vinywa vya Wareno. Kamusi za Kiswahili huieleza *kafiri* kwa maana ya kidini na kuishia hapo. Historia ya matumizi yake katika biashara ya watumwa bado inastahili kuingizwa kwenye kidahizo.

Tatizo la mfasiri

Umaarufu wa viumbe hawa nje ya Ufilipino umekua. *Trese*, hadithi za picha za Budjette Tan na Kajo Baldisimo zilizoanza mwaka 2005, ziligeuzwa kuwa filamu ya vibonzo mwaka 2021 na kusambazwa duniani na Netflix, na anayetaka kuzifasiri kwa Kiswahili atakutana na *aswang* na *tikbalang* kila baada ya kurasa chache. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kutumia *zimwi* kwa wote, cha pili *jini*. Vyote viwili ni vibovu, ingawa si kwa kiasi kimoja. *Jini* humwingiza kiumbe katika mfumo wa itikadi wenye sheria zake, wenye majini wema na wabaya, Waislamu na wasio Waislamu. *Zimwi*, lenye udugu na *mzimu*, angalau halidai mfumo huo. Kwa *aswang* hakuna linalofaa. *Mchawi* lipo karibu kwa sababu linabeba ujirani na tuhuma, lakini halibebi mabawa wala ulimi. Ni afadhali neno libaki lilivyo, na lipewe ngeli: *aswang* na *maaswang*, kwa upatanisho wa viumbe hai.

Kwa *kapre* hali ni ngumu zaidi. *Jitu jeusi* linahamisha dharau ya kikoloni hadi katika lugha ya wale waliodharauliwa. *Kafiri* ni sahihi kietimolojia na ni upotoshaji kimaana. *Kapre*, wingi *makapre*, ndilo chaguo pekee lililo salama, na tanbihi fupi kuhusu asili yake ingemfaa msomaji kuliko kisawe chochote.

Yupo mmoja ambaye Kiswahili kinaweza kumpokea bila mashaka. *Nuno sa punso* ni mzee mdogo akaaye katika kichuguu. Anayekikanyaga au kukikojolea huvimba miguu au kupatwa na ugonjwa usiojulikana. *Nuno* kwa Kitagalogi ni mzazi wa mzazi, na pia mhenga. Ramos anamweka kati ya mbilikimo, lakini jina lake linasema yeye ni wa ukoo. *Babu wa kichuguuni* ni tafsiri inayokaa vizuri, kwa kuwa neno *babu* nalo humhusu mzazi wa mzazi na humhusu aliyetangulia. Apitaye karibu na makazi yake husema *tabi-tabi po*: *tabi* ni kando, na *po* ni kipashio cha heshima kinachoambatana na maneno ya mdogo kwa mkubwa. Baadhi wangependekeza *hodi*. Haifai, kwani hodi husubiri karibu, na mpita njia huyu haombi kuingia, wala hatarajii kujibiwa, akijibiwa atakimbia. Kiswahili cha pwani kinalo *simile*, wito wa mbeba mzigo anayewataka watu wampishe njiani. Maana ni ile ile, ila wito huo ni mkavu na hauna *po*. Upungufu huo unajazwa na neno la ukoo, na mfasiri anaweza kuandika: *Simile, babu.*